Boti Aliyoitaka Ngaire

Siku ya soko la boti kuukuu pale Auckland, ukichelewa umeumia. Saa tatu asubuhi uwanja wa kilabu ulikuwa umeshafurika: wanaume wa kaptura na ndala wanachungulia chini ya matrela, wanawake wanagongagonga ubavu wa boti kama wanaochagua matikiti maji, na harufu ya pai za nyama inakera matumbo matupu. Fergus Tolley, fundi wa lifti, masikio mekundu kwa jua, alikuwa amemaliza kukagua boti ndogo nyeupe ya tanga, ya kuvutwa na gari. Alishampa mkono mzee Pascoe, mwenye boti. Kwa watu hawa mkono ukishapeanwa, biashara imekwisha.

"Namzidi kwa dola elfu mbili," sauti ikasema nyuma yake.

Fergus akageuka. Jamani! Dada mrefu, koti la mvua la njano, leso ya bluu kichwani, na macho yasiyo na mzaha hata chembe.

"Umechelewa, bibie," mzee Pascoe akasema. "Nimeshampa mkono huyu."

"Elfu tatu, basi."

"Hata ungeleta kumi. Nikimgeuka leo, kesho nani ataninunulia hata kamba?"

Fergus akacheka. "Dada, boti zimejaa tele hapa. Hii imekufanya nini?"

"Naitaka."

"Basi njoo nikununulie pai. Ukininunia, ninunie ukiwa umeshiba."

Dada huyo, Ngaire Sutcliffe, hakupanga kucheka siku ile. Akacheka, na pai akala mbili.

Penzi likawaka. Ngaire alikuwa mfamasia, na kila mchana simu ililia kaunta.

"Daktari wangu, nina maradhi."

"Mimi siyo daktari. Unaumwa nini?"

"Moyo. Dawa yake imevaa koti la njano."

"Kanywe maji ulale, mchokozi wewe!"

Walipendana kweli, mimi siwezi kuwasingizia. Lakini kila Fergus alipomwalika baharini, Ngaire alipata sababu. Leo kichwa, kesho zamu. Boti yenyewe hakuigusa hata kwa kidole, na bado swali lake lilikuwa moja: "Utaiuza lini?"

Mwezi wa pili wa penzi lao mzee Pascoe akapiga simu. "Kijana, sipendi umbea, lakini mchumba wako amenipigia mara tatu. Anataka nikushawishi uiuze boti, ainunue yeye, nisimtaje jina."

Fergus hakungoja hata kuvua buti za kazi. Alimfuata Ngaire kwenye duka la dawa, akamwita nje.

"Unanipenda mimi, au unanipitia mimi kwenda kwenye boti?"

"Fergus, mpenzi, siwezi kukueleza."

"Huwezi au hutaki?"

Ngaire akageuka akarudi kaunta, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fergus akaondoka, simu zake hakupokea tena. Mwanamume akishapandwa na kiburi, ukweli hata ukimgongea mlango hafungui.

Jumamosi iliyofuata alikwenda ufukweni peke yake, kwa hasira. Akausimamisha mlingoti pale pale kwenye maegesho, akaingia garini aiburute boti hadi kwenye mteremko wa kuishushia majini. Juu ya njia zilipita nyaya za umeme. Hakutazama juu.

"Zima! Zima gari, Fergus!"

Ngaire alikuwa amemfuata hadi ufukweni kumwomba radhi. Alikimbia mpaka mbele ya gari, akalala kifudifudi juu ya boneti. Fergus akakanyaga breki. Mlingoti, chuma kitupu, ulikuwa umebakiza hatua mbili kuzifikia nyaya.

Akashuka, akatazama juu. Ngaire akaketi chini kwenye lami.

"Boti hii ilikuwa ya kaka yangu Lachlan," akasema. "Imeshapita mikono mitatu, imepakwa rangi, imewekwa mlingoti mpya. Lakini ni hiyo. Unajua utaratibu wetu. Mlingoti ukishasimama, mmoja anatangulia anatazama juu, na dereva hasogei hata shubiri mpaka auone mkono umeinuliwa."

"Najua. Na leo nimepuuza."

"Mimi ndiye niliyekuwa dereva, Fergus. Maji yalikuwa yanakupwa, nikaona tunachelewa. Lachlan alikuwa bado nyuma, ameshika waya wa mlingoti. Nikaondoa gari, mlingoti ukagusa nyaya, umeme ukamuua. Polisi niliwaambia nimeuona mkono wake. Watu wote wakasema, maskini, kauawa na uzembe wake mwenyewe. Hata mama. Mwaka wa nne huu."

Fergus akachuchumaa mbele yake. "Ndiyo maana uliitaka?"

"Niikate vipande vipande."

"Kesho naikata mimi. Msumeno ninao."

Ngaire akatikisa kichwa. "Boti haikudanganya mtu." Akatoa simu, akampigia mama yake, akaweka spika.

"Ngaire?" Sauti ya mama yake ilitoka mbali, Oamaru kule kusini. "Umekula, mwanangu?"

"Mama, Lachlan hakuinua mkono. Niliondoa gari bila kumngoja. Niliwadanganya."

Birika lilisikika likipiga mluzi kule jikoni, na hakuna aliyeliondoa motoni.

"Sema tena."

Akasema tena.

"Miaka minne," mama akasema taratibu. "Miaka minne sijatia mguu kaburini kwa mwanangu. Nilimkasirikia, Ngaire. Niliona amenitia ukiwa kwa upuuzi wake. Hata ua sijampelekea."

"Mama, nisamehe..."

"Kesho nakwenda kumwomba radhi. Wewe usije. Nikiweza kukuona, nitakupigia mwenyewe."

Simu ikakatika. Ngaire hakulia. Alibaki anakitazama kioo cha simu mpaka kikazimika.

"Na wewe nenda tu," akamwambia Fergus. "Sitakulaumu. Mtu kama mimi anafaa nini?"

Fergus asingeweza kumwambia mambo yatakuwa sawa, kwa sababu hakuamini. Alipanda kwenye boti, akaanza kulegeza nyaya zilizoushika mlingoti.

"Ngaire, njoo ushike hapa. Siwezi kuulaza mlingoti peke yangu."

Alisita sana. Halafu akainuka, akaushika kwa mikono miwili, na pole pole wakaulaza.