Nguzo Iliyooza

Kila Jumamosi, binti wa fundi wa magati alibeba mfuko wa misumari na kumfuata baba yake ziwani. Nyumba nyingi za ufukweni zilikuwa na gati la mbao lililoingia majini, ambapo watu walishuka kutoka kwenye mitumbwi na kuteka maji. Kazi ya binti ilikuwa kuingia kwenye maji ya kina kifupi na kugonga nguzo kwa nyundo. Nguzo nzima hulia ko! ko! Iliyooza hutoa sauti nzito, kama mtu anayepiga godoro.

Jumamosi hiyo walikuwa kwenye nyumba moja ya wageni. Mpishi wa hapo, mama mnene mcheshi, aliwaletea chai.

"Karibu, mhandisi," alimtania binti. "Ukimaliza gati, njoo unijengee na jiko. Hili langu limenitoa machozi kuliko marehemu mume wangu!"

Binti aliingia majini huku bado anacheka. Alipogonga nguzo ya mwisho, kicheko kilimwisha. Akaichoma kwa bisibisi, nayo ikazama mpaka kwenye mpini.

"Baba, hii imeoza!"

Baba alitupa jicho kuelekea ile nyumba ya wageni. Wageni walitarajiwa kesho yake, na mwenye nyumba alikuwa amesema hataki kuona gati limebomolewa.

"Punguza sauti," alisema. "Tutapigilia mbao mpya juu. Nguzo tutaibadilisha wageni wakiondoka."

"Lakini baba, si wewe mwenyewe uliyenifundisha kwamba..."

"Mwanangu, nimeshasema."

Binti akachukua mfuko wa misumari, akaanza kumpa mmoja mmoja. Jioni gati lilipendeza kweli, na mwenye nyumba akamsifu fundi mbele ya watu.

Siku chache baadaye, binti alikuwa akitoka shule aliposikia mayowe ziwani. Alitimua mbio. Mpishi alikuwa akiosha masufuria mwisho wa gati nguzo ilipokatika. Mbao mpya ziliporomoka pamoja naye, na boriti ikambana mguu chini ya maji. Wavuvi wawili walimwinua kichwa asinywe maji, huku baba, aliyekuwa ameitwa mbio, akikata boriti kwa msumeno. Mpishi alikuwa ameacha kupiga kelele. Alitazama juu tu, midomo imempauka.

Hospitalini walishindwa kuuokoa ule mguu. Ulikatwa chini ya goti.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuuliza kilichotokea.

"Ni mawimbi," mwenye nyumba aliharakisha kujibu. "Juzi yalikuwa makali mno."

Baba aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akamgeukia binti. "Wewe ndiye uliyegonga nguzo. Zilikuwa nzima?"

Alimtazama baba yake, akaona alivyokonda ghafla. "Zilikuwa... zilikuwa nzi..."

"Hapana, mwanangu. Usiseme uongo kwa ajili yangu," baba alimkatiza. "Mwenyekiti, mtoto aliniambia nguzo imeoza, nikamnyamazisha. Mawimbi hayana kosa. Kosa ni langu."

Kwa muda mrefu hakuna aliyemwita baba kazini. Alipokwenda hospitali kuomba radhi, mpishi aligeukia ukutani. Hata hivyo, baba alilijenga gati lile upya, akazichimbia nguzo mpya mpaka kwenye udongo mgumu. Kisha alizunguka kwenye magati yote aliyowahi kuyakarabati, akayakagua moja baada ya jingine. Mpishi alirudi jikoni kwa magongo. Salamu aliitikia, lakini utani ulikwisha.

Siku moja, wakitoka kukagua gati la mwisho, binti aliuliza, "Baba, ningepiga kelele siku ile, ungenichapa?"

"Labda," baba alijibu. "Na bado ungekuwa umefanya vizuri. Sikiliza, mwanangu. Ukijua jambo litakaloumiza watu, liseme. Mimi nikikunyamazisha, mwambie mama yako, mwambie mwalimu, mwambie yule atakayekanyaga hizo mbao. Niheshimu, ndiyo, mimi ni baba yako. Lakini heshima uliyonipa siku ile haikumsaidia yule mama, na haitamrudishia mguu wake."