Kipande cha Kisima cha Nne

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu, mtunza ghala la miamba alifungua sanduku la kisima cha nne na kukuta ndani yake kipande asichokijua.

Ghala lilikuwa na masanduku elfu tatu ya mawe ya mviringo, marefu kama mkono, yaliyotolewa chini ya ardhi kwa kekee. Mtu mwingine angeona mawe tu. Yeye alikuwa ameyatunza miaka ishirini na miwili, mpaka watu wakasahau jina lake na kumwita Mzee Sanduku. Kipande kilichotoka kina cha mita 1,212 alikijua kwa ufa wake mwembamba, na hiki hakikuwa na ufa. Alimwita dada mhandisi wa ofisi ya jirani, na huyo, asiyejua kuzungukazunguka, akapiga simu polisi kabla bosi hajafika.

Mpelelezi alifika saa tatu na dakika kumi. Alikuwa mama wa makamo mwenye magoti mabovu, na wiki iliyopita pekee alikuwa amechunguza wizi mara nne. Alipoambiwa kwamba safari hii kilichoibiwa ni jiwe, alitafuta kiti kwanza.

"Nieleze polepole," alimwambia mhandisi. "Kichwa changu kimejaa."

"Hewa ukaa ya viwandani inasukumwa chini, inakaa ndani ya mwamba," alisema mhandisi. "Kila mwaka tunaripoti nafasi iliyopo, kwa madaraja. Ambapo hatujachimba tunaandika Tarajiwa. Tumechimba lakini bado kuna kikwazo, Tegemezi. Kila kitu kimehakikishwa, Thabiti. Kisima cha nne ni Thabiti mwaka wa sita sasa. Mimi nikaomba kipimwe upya, kwa sababu mwamba wa juu ndio kifuniko, na kifuniko kikiwa na ufa gesi itatoka. Wakaguzi wa nje wanakuja leo saa nane."

"Ufa usipoonekana?"

"Daraja linabaki lilivyo."

"Na mzee ameniambia Alhamisi uliazima ufunguo wa ghala."

"Nusu saa tu. Nilitaka kupiga picha, simu ikazima. Najua inavyosikika, afande."

Ilisikika vibaya kweli, na mpelelezi aliandika. Kufuli halikuwa limevunjwa. Ufunguo ulikuwa mmoja.

"Mzee, tangu Ijumaa umeuweka wapi?"

"Nyumbani, nyuma ya mlango."

"Hukuwa na wageni?"

"Watu wangu tu. Jumamosi dada yangu mdogo na mumewe walikuja kula mchana. Shemeji alichoka na kelele za watoto, akatoka kidogo kunyoosha miguu."

Mlinzi wa getini alileta daftari. Ukurasa wa Jumamosi ulikuwa mweupe.

"Hakuna aliyeingia?"

"Hakuna wa kuandikwa, afande."

Saa tatu na dakika arobaini mkuu wa idara aliingia na barua mkononi. Alizunguka meza, akasimama upande wa dirishani, akitazamana na Mzee Sanduku, mahali anaposimama kila anapokuja kukagua.

"Shemeji, inaniuma," alisema, "lakini ufunguo unao wewe. Afande, malalamiko haya hapa. Saa sita nitakuwa nimemfukuza kazi, umchukue."

"Niibe, halafu nijitangaze mwenyewe?" aliuliza Mzee Sanduku.

"Labda uliingiwa na woga."

 Ilibaki miezi mitano mzee astaafu, na sasa alikuwa anapelekwa jela na mtu aliyemwoza dada yake. Mpelelezi alimpa mzee kiti chake.

Aliinamia sanduku. Kila jiwe lilikuwa na mistari miwili ya wino, mweusi na mwekundu, ubavuni.

"Hii ya nini?"

"Ya kujua juu na chini," alijibu mzee. "Ncha ya juu ikiwa juu, nyekundu inakaa kulia. Nachora mimi ninayepokea."

Kwenye kipande kigeni, nyekundu ilikuwa kushoto.

Mpelelezi aliomba mawe matatu yasiyo na alama, akayapanga mezani, akawapa watu watatu kalamu mbilimbili. "Ncha iliyo mbali nawe ndiyo ya juu. Nichorieni."

Mzee alichora nyekundu kulia. Mhandisi, aliyesimama kando yake, alichora vilevile. Mkuu alicheka, akachora haraka. Nyekundu ikakaa kushoto.

"Umewahi kuchora kabla ya leo?"

"Mimi ni bosi. Naangalia tu."

"Unaangalia ukiwa hapo dirishani. Ukiwa hapo kila sanduku liko kichwa chini, na nyekundu macho yako yameizoea kushoto. Mlinzi! Nani haandikwi getini?"

Mlinzi alitazama viatu vyake. "Bosi haandikwi, afande. Jumamosi saa nane na nusu alikuja. Aliingia na mfuko mzito, akatoka nao vilevile."

Mkuu alikaa juu ya sanduku tupu. 

"Ufunguo niliuchukua nyuma ya mlango wake, na Thabiti nilitia saini mimi," alisema. "Ufa niliuona. Nikajiambia umesababishwa na kekee. Mwaka wa pili ningesema, ningeulizwa mbona wa kwanza sikusema. Nimechoka na huu uongo."

"Umechoka," alisema Mzee Sanduku, "ukaona nifungwe mimi."

"Nilidhani hutagundua. Ulipogundua nikakosa njia."

Mhandisi alifungua ripoti, akafuta Thabiti, akaandika Tegemezi. Hakuna aliyefurahi.

"Shemeji," mkuu aliomba, "niache nikamwambie mke wangu mwenyewe, ndipo niende na afande."

"Sasa hivi tu ulikuwa tayari aambiwe mwizi ni kaka yake."

Mpelelezi alimshika mkuu mkono, akamwinua. Mzee alivaa koti, akampa mhandisi ufunguo.

"Unaenda wapi, mzee? Wakaguzi wanakuja."

"Waonyeshe wewe. Mimi naenda kwa dada. Nikiwahi, atalia mbele yangu, si mbele ya majirani."