Cheti cha Dada

Kila asubuhi Kibiriti alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, akavaa sare, akakimbia shule. Jina hilo alipewa nyumbani kwa udogo wake na wepesi wake wa kuwaka. Sare yenyewe ilikuwa na kituko. Mama, fundi aliyesifiwa mtaa mzima kwa vipimo, alimkatia bintiye gauni kubwa bila kumpima, kisha akalipunguza kwa kukunja upindo mpana ndani.

"Mama, gauni hili lina nafasi ya mtu wa pili," Kibiriti alitania.

Mama hakucheka. Alikanyaga cherehani tu.

Shuleni aliitika jina la kwenye cheti chake cha kuzaliwa, jina ambalo nyumbani halikutamkwa kamwe. Kila alipoitika mwili ulimsisimka, kana kwamba nyuma yake kulikuwa na mwingine aliyefungua kinywa kuitika, akachelewa.

Mwaka wa mtihani, mwalimu alikusanya vyeti vya kuandikishia watahiniwa. Alipokisoma cha Kibiriti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumbe wewe ndiye mkubwa wa darasa zima. Urefu uliusahau wapi?"

"Shikamoo, bibi," mvulana wa dawati la nyuma akasema.

Darasa likaangua kicheko. Kibiriti naye alijaribu kucheka, maana matani alikuwa ameyazoea, lakini siku ile aliishia kuinamia dawati.

Jioni alikiweka cheti alichorudishiwa kwenye meza ya kukatia vitambaa. "Mama, huyu ni nani?"

Cherehani ikanyamaza.

"Dada yako," mama akasema hatimaye. "Homa ilimchukua kabla hujazaliwa. Zamani zile cheti cha kuzaliwa kilikuwa na bei ya mbuzi. Tukauza mbuzi, tukakilipia. Alipofariki, cheti cha kifo nacho kikataka pesa, na karani akadai kwanza cheti cha ndoa, ambacho hatukuwahi kukilipia. Kuzaliwa pesa, kuoana pesa, kufa pesa. Bure ilikuwa kupumua tu. Ulipokuja wewe, mimi na baba yako tukasema, cheti si kipo?"

"Kwa hiyo dada hajafa?"

"Kwenye karatasi, hajafa. Na wewe hujazaliwa." Mama aliushika upindo wa sare kama mtu anayeshika mkono wa mtoto. "Nyamaza, mwanangu. Ukisema, huenda wakakufuta kwenye mtihani."

Kesho yake mwalimu aligawa fomu. Kibiriti aliandika herufi ya kwanza ya lile jina, kalamu ikagoma. Alama zote ambazo angepata zingekwenda kwa mtu aliyelala kaburini. Akainuka.

"Mwalimu, cheti hiki si changu. Ni cha marehemu dada yangu."

Mwalimu, mtani wa kila siku, hakutania. "Siku za kuandikisha hazijaisha," alisema taratibu. "Kamwite mama."

Katika ofisi ya vyeti, karani, mwanamke mtu mzima mwenye wino vidoleni, aliwasikiliza mpaka mwisho. "Ada siku hizi ni ndogo, na cheti cha ndoa hatudai tena," alisema. "Faini ya kuchelewa ipo, nayo mtalipa. Ila siandiki mdogo kabla ya mkubwa. Aanze aliyetangulia. Jina la marehemu?"

Mama alikishika cheti kwa mikono miwili. Kisha akalitamka. Kibiriti, kwa mazoea, alitaka kuitika. Akajiziba mdomo, akaliacha jina liende kwa mwenyewe.

"Na huyu?"

"Nyumbani tunamwita Kibiriti."

"Hilo litaniunguzia ofisi," karani akasema. Mama alitabasamu, machozi yakimtoka, akampa binti yake jina la nyanya yake.

Karani aligonga mihuri, akamgeukia mama. "Dada yangu, bei ile ilikuwa ya dhuluma, sikatai. Lakini uongo nao una ada yake, na mtoto ndiye aliyekuwa akiilipa kila asubuhi. Nawe binti, umesema kweli ukijua inaweza kukukosesha mtihani. Kumbuka hivi: kweli iliyochelewa hutozwa faini, ila hupokelewa."

Mwalimu aliliandika jina jipya siku iliyofuata. "Kumbe wewe ni mdogo wetu sote," mvulana wa nyuma alilalamika. "Basi nirudishie shikamoo yangu."

Jioni mama alimpima Kibiriti kwa utepe, kutoka bega hadi bega, kwa mara ya kwanza. Akashika mkasi juu ya kitambaa kilichozidi kwenye sare.

"Nikate?"

"Acha kidogo, mama," Kibiriti akasema. "Upindo mwembamba tu, wa dada."

Mama akauacha.