Sauti ya Mama Buko Kati ya Vitabu

Jioni ile nilibeba mwavuli tu. Mvua ilikuwa inakuja, na bibi yangu Ndaya, mke wangu wa ndoa, alikuwa bado kazini kwenye bibliothèque, nyumba ya vitabu ya chuo cha walimu, pale misioni. Kazi yake ilikuwa kupangusa vitabu vumbi. Nikasema, ngoja nikamchukue asilowe. Hakuna kingine. Anayesema nilikwenda pale na hasira ni mwongo, na aje aniambie mbele ya macho yangu.

Ni miaka ile saruji yote ya Kamina ilikuwa inakwenda Base, kujenga kambi ya jeshi ya Wabelgiji. Mimi ni masoni, fundi wa kujenga. Shuleni sikuingia. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwenye mifuko ya saruji, na ukuta ninaujua kuliko padri anavyojua misa.

Lakini ile nyumba...

Ile nyumba haikujengwa, iliongezwa. Kwanza chumba kimoja. Vitabu vikaja kwa masanduku kutoka Ubelgiji, wakatoboa ukuta, wakaongeza cha pili, wakatoboa tena, mpaka mlango wa chumba kimoja ukawa unatokea nyuma ya rafu za kingine. Rafu zilifika darini. Padri aliyezipanga alikufa, mpango akaondoka nao kichwani. Walimu wenyewe waliingia wawili wawili, wasipotee.

Maurice, zamu wa kulinda pale, alikuwa mlangoni anachoma muhindi.

"Ndaya iko?"

"Iko mu ndani. Minyi mwenyewe namuita, anaitika, hatoki."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu jua iko bado juu." Akacheka. "Ingia, masoni. Pengine bibi yako amekuwa profesa."

"Cheka na wa kwako," nikamwambia. Nikachukua taa yake bila kuomba.

Ndani kulinuka karatasi ya zamani, gundi, na mavi ya panya. Giza lilikuwa limeshaingia kati ya rafu, ingawa nje mtu angeweza bado kuona mkono wake.

"Ndaya!"

"Bwana..." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyelia akachoka. "Minyi huku. Kwa vitabu vyekundu."

"Toka basi!"

"Sioni mulango. Kila mulango naingia, unanirudisha hapa."

"Simama palepale. Usitembee. Sali kwa nguvu, minyi nafuata sauti."

Akaanza Salamu Maria. Nikaifuata. Ikawa kushoto kwangu. Nikapinda kushoto. Ikawa mbele. Nikaenda mbele, nikapita mlango, nikapita mwingine... ikawa nyuma yangu. Nikatukana. Nikarudi. Mlango niliopita haukuwapo, palikuwa na rafu.

Mwishowe nikaona vitabu vyekundu. Chini, kitambaa chake cha vumbi.

Yeye hapana.

"Ndaya, niko hapa! Weye uko wapi?"

"Hapa." Upande wa pili wa rafu. Karibu sana, nilisikia pumzi yake. "Ingiza mukono."

Nikaingiza mkono kati ya vitabu. Vidole vikanishika. Vilikuwa vyake, nakuapia. Nilijua ule ukucha uliovunjwa na mtwangio. 

"Usiniache," akasema.

"Nikuache niende wapi? Nashusha hivi vitabu, njo utapita."

Nikaviangusha kwa mkono mwingine, vyote. Kitabu cha mwisho kilipoanguka, vidole vikateleza. Nikasogeza taa.

Ukuta.

Matofali na saruji kavu, bila tundu la kuingiza hata sindano. Nikapiga kwa ngumi mpaka ngozi ikachubuka. Nyuma ya matofali, bibi yangu alikuwa analia.

Hapo nikasikia miguu. Polepole... miguu ya mtu mzima asiyevaa viatu. Ikaja harufu ya samaki wa moshi na mafuta ya mawese.

"Muko wangu," sauti ikasema nyuma yangu. "Geuka kule. Minyi napita na mutoto wangu."

Ilikuwa sauti ya mama buko, mama mzazi wa Ndaya, na muko ni mimi, mkwe wake. Niliijua kwa kuisikia nyuma ya milango tu. Kwetu Baluba, mwanaume haangalii mama buko. Akimkuta njiani anaingia kwenye majani, anageuza uso mpaka apite. Hata nyumba ikiwaka moto. Siyo jambo la kufikiri, mwili unageuka wenyewe.

Na mwili wangu ukageuka. Nikaweka taa chini, nikabandika paji la uso kwenye ule ukuta.

"Mama," nikanong'ona, "umemupata Ndaya?"

"Namushika mukono. Weye angalia ukuta."

Wakapita. Miguu ya watu wawili. Nguo ya Ndaya ikanigusa mguu.

"Bwana," akasema. Neno moja tu.

Nami nikajibu kama mtu mwenye adabu. Sikumjibu yeye, nilimjibu mama yake. "Wafwako, mama." Nikasema asante!

Miguu ikaenda... ikaenda... ikaisha.

Hapo akili ikarudi. Mama buko anaishi Kabongo, safari ya siku nzima. Alikuja na nini? Nani alimfungulia?

Nikageuka.

Nyuma yangu hapakuwa na njia. Kulikuwa na rafu nyingine, imejaa vitabu, karibu kugusa mabega yangu. Paka asingepita pale.

Sijui nilitoka vipi. Nakumbuka kupiga kelele, na Maurice akiita, na mvua usoni.

"Bamepita hapa?"

"Banani?"

"Ndaya na mama yake!"

Maurice aliniangalia, mdomo umejaa muhindi, hatafuni. "Masoni, hapa hakupita muntu."

Kesho yake mapadri waliruhusu vitabu vyote vitolewe uani. Rafu zikang'olewa. Mimi mwenyewe nilivunja ule ukuta kwa nyundo. Nyuma yake palikuwa na udongo tu, mizizi ndani. Polisi wakaniuliza nimemficha wapi. Nikawaambia hivi ninavyokuambia. Wakanifunga, kisha wakanifungua, kwa sababu Maurice aliapa kwamba aliisikia sauti yake akisali.

Kisha mama buko akafika, kwa camion, lori la mizigo, kutoka Kabongo.

Alikaa kwenye baraza langu, kitambaa kimefunika kichwa na uso. Mimi nilikaa nimempa mgongo. Katikati aliketi dada yangu Béatrice, wa kupokea maneno na kuyapeleka, ingawa wote tulisikiana. Ndivyo inavyotakiwa.

"Muulize," mama buko akasema. "Mutoto wangu alimupa nani?"

"Mwambie nilimupa yeye mwenyewe."

 Kuku walikuwa wanachakura pembeni. Kisha mama akaongea bila kupitia kwa Béatrice, jambo ambalo halifanywi.

"Ile magaribi Ndaya alipotea, ulikuja kwangu. Ku Kabongo. Ulisimama inje ya mulango, unanuka saruji. Ukasema, mama, nimekuja kumuchukua Ndaya. Minyi nikafunika uso, nikaangalia ukuta. Nikawaza, huyu amelewa, Ndaya si iko kwake? Lakini weye ni muko wangu. Nikakujibu muzuri. Nikasema, umuchukue, iko wako."

"Mama, minyi sikufika Kabongo."

"Najua sasa."

Béatrice akainuka. Akaondoka bila kuaga, karibu anakimbia.

Tukabaki wawili. Nilisikia pumzi yake nyuma yangu. Nikanusa moshi wa samaki, harufu ya mama yeyote wa Kabongo. Shingo ilikataa. Nikailazimisha.

Nikageuka.

Alikuwa ameshaondoa kitambaa. Mwanamke mzee, amevimba macho, ananiangalia kwa woga uleule niliokuwa nao. Hakuna aliyeona haya. Tulikaa macho kwa macho mpaka giza likaingia, kila mmoja akimtafuta mwingine usoni.

Lakini mimi sikuwa nimewahi kuuona uso wake. Wala yeye wangu. Ningejuaje kama ni yeye?

Hata leo sijui.

Wala sikuthubutu kuinuka wa kwanza, nimpe tena mgongo.