Chafya ya Hamad

Chafya ilisikika kutoka chooni. Ikafuata ya pili. Kisha bomba likafunguliwa kwa nguvu.

Maisara alikuwa jikoni akikanda unga wa visheti. Alingoja mumewe aseme "Alhamdulillahi". Siku zote Hamad alishukuru kwa sauti, mpaka majirani zao wa Mpendae wakamwitikia. Leo kimya. Alikuwa anaificha chafya yake.

"Hamad."

"Naam."

"Una mafua."

"Vumbi tu, mke wangu."

Maisara hakubisha. Juzi alimwona akijitia sikioni mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thaumu. Alijua kwa nini anaficha. Hamad alikuwa anajifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Alikuwa ameshashuka mara tatu. Jumamosi angeshuka mara ya mwisho, apewe cheti, na kampuni moja ya kutembeza wageni ilishamwahidi kazi. Akisema anaumwa, huenda nafasi ikaenda kwa mwingine. Tena aliona haya. Mtoto wa Fumba, aliyejua kuogelea kabla ya kusoma, aseme bahari imemshinda?

Alasiri hiyo walikwenda Mji Mkongwe. Kila Alhamisi wapiga mbizi hukaa kwenye baraza ya duka la Juzer, muuza vitambaa. Hapo hakuna darasa wala mtihani. Kuna kahawa, kashata na mizaha. Wapya huja na watu wao, ili nao waijue kazi ile.

"Karibu, pweza mpya," Juzer alimwambia Hamad. "Huku tunakulisha kwanza, ndipo tunakuzamisha."

Watu wakacheka. Hamad na Maisara wakamwamkia Bi Mwanapili, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akiongoza wapiga mbizi. Akaitikia marahaba, akawakalisha wote wawili upande wake wa kulia. Maisara alidhani ni heshima ya wageni.

Kahawa ilipomiminwa, Juzer alieleza desturi yao. Mgeni haulizwi kitu mpaka mwenyeji ataje kosa lake mwenyewe. Leo ilikuwa zamu ya Bi Mwanapili.

"Mwaka wangu wa kwanza nilishuka na mafua," alisema. "Sikio likauma. Nikajiambia, mimi wa kushindwa na maji? Nikazidi kushuka. Ngoma ya sikio ikapasuka. Nikashikwa na kizunguzungu, juu sikujui, chini sikujui. Mwenzangu ndiye aliyenipandisha. Mpaka leo sikio la kushoto halisikii vizuri. Ndiyo maana nimewaweka kulia."

Maisara hakumtazama mumewe. Alimsogezea tu sahani ya visheti alivyokuja navyo.

Hamad akapiga chafya. Akangoja kidogo. Kisha akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi."

"Yarhamukallahu," baraza nzima ikamwitikia.

"Bi Mwanapili, nna mafua siku ya nne leo. Na sikio linauma. Nimetia mafuta ili Jumamosi nishuke."

Hakuna aliyemcheka. Bi Mwanapili alimweleza kwamba mafuta hayafungui sikio. Ngoma ikiwa imetoboka, mafuta huingia ndani na kudhuru. Unaposhuka, maji huisukuma ngoma. Kwa hiyo bana pua upulize kwa puani taratibu, hewa iingie masikioni, tangu unapoanza kushuka, kabla ya maumivu. Sikio likikataa, panda kidogo, ujaribu tena. Likikataa tena, mwashirie mwenzako mpande juu polepole, mkivuta na kutoa pumzi bila kuizuia. Lakini mwenye mafua asishuke kabisa mpaka apone.

Juzer alikuwa na ubeti wa kuwakumbusha wapya:

"Pua ikiziba, nchi kavu baki;
sikio lauma, kushuka si haki."

"Na kazi yangu?" Hamad aliuliza.

"Bahari haihami," alisema Bi Mwanapili. "Kesho nenda kwa daktari. Kampuni nitazungumza nao mimi. Wanamtaka mtu anayesema kweli chini ya maji."

Daktari alikuta ngoma ya sikio imevimba, haijapasuka. Akampa dawa na kumkataza maji mpaka atakapomruhusu. Kampuni ikakubali kumngoja. Baada ya wiki tatu aliruhusiwa, akashuka. Alipuliza kidogo kidogo njia nzima. Sikio halikuuma. Cheti akakipata, na kazi pia.

Alhamisi moja zamu ya mwenyeji ikawa yake. Mgeni alikuwa Kinjal, msichana wa hapo Mji Mkongwe, aliyekuja na mama yake. Kikombe alikishika bila kunywa. Hamad akasimulia habari ya chafya na mafuta ya kitunguu thaumu. Maisara akaongezea ya bomba la chooni, mama akacheka mpaka akafuta machozi.

Kinjal hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, "Nnaogopa. Nikisema sikio linauma, nitawaharibia wenzangu safari."

Hamad akaweka kikombe chini.

"Jumamosi utashuka na mimi," alimwambia. "Ukinionyesha sikio lako kwa kidole, hata kama tumeshuka mita mbili tu, tutapanda pamoja. Nnakuahidi, Kinjal, mbele ya mama yako."