Fimbo Nyepesi ya Nekoye

Kila asubuhi Nekoye alichota maji kwenye bomba la nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, kisha akakimbilia shule. Lakini wiki ile ya Juni, mwaka wa 1951, ndoo ilifurika na asijue, maana macho yake yalikuwa juu, kwenye mlima Menengai. Masika yalikwisha. Mvua ya mawe iliyofanya uwanja kuwa mweupe kama unga ilikoma, na Jumamosi darasa la sita lingepanda mlima kwa mara ya kwanza mwaka huo. Tena Nekoye ndiye aliyechaguliwa kutangulia mstari wa wasichana!

Mwalimu Khaemba aliwaeleza kwamba mvua imeotesha nyasi ndefu, na nyasi zimefunika nyufa za miamba. Lazima udunge ardhi kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Basi kila mtu akate fimbo ya mti mgumu, ailaze juu ya mawe mawili nyumbani, asimame katikati yake. Isipovunjika, ndiyo ailete.

Nekoye akaokota mlingoti mkavu wa mkonge, mwepesi kama unyoya, akaufunga utepe mwekundu. Mama yake alipouona, roho haikutulia.

"Umesimama juu yake kuujaribu, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

Wapi! Aliogopa utavunjika, na utepe umekaa vizuri namna ile.

Jumamosi walipanda wakiimba. Rafiki yake Awuor alimfuata akimtania kwamba kwa fimbo ile ya bibi harusi, hata mlima utamwamkia. Karibu na ukingo wa shimo kubwa la volkeno lililo juu ya mlima, Mwalimu akawasimamisha. Alidunga palipokuwa na majani mabichi, fimbo yake ikazama hadi mkononi. Akatenga nyasi, wakaona ufa mweusi. Jiwe alilotupa ndani halikusikika likifika chini.

"Nekoye, fuata nyayo zangu. Udunge kila hatua. Ukiteleza, fimbo ndiyo itakayokushika."

Nekoye alihisi mkono wa Awuor umeshika mshipi wake kwa nyuma. Akisema kweli, kutangulia kumemponyoka. Asiposema, atakapoanguka yeye, Awuor naye ataanguka.

"Mwalimu, nilimdanganya Mama. Fimbo hii sijaijaribu."

Mwalimu akailaza juu ya mawe, akaikanyaga kwa mguu mmoja tu. Ikakatika kama bua la mahindi. Hakuna aliyecheka. Awuor akapewa kutangulia, na Nekoye akashika mkia wa mstari, na fimbo ya kuazima mkononi. Hata hivyo kileleni alifika, akaliona ziwa huko chini, kingo zake zenye rangi ya waridi kwa wingi wa flamingo, akashangilia na wenzake mpaka sauti ikamkauka.

Jioni alimweleza Mama yote. Mama akatia jikoni vipande vya mkonge alivyorudi navyo, akainjika sufuria.

"Angalau vimechemsha chai," akasema mwishowe, akamvuta karibu. "Mwanangu, mlima siuogopi sana, Mwalimu anaujua. Naogopa ile 'ndiyo' yako. Fimbo unayoogopa kuijaribu nyumbani ndiyo itakayokuvunjikia mlimani."