Boksi Lililogusa Mlango

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kiberiti alitoka uani na ndoo mbili za maji. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu hasira za binti huyo hazikuhitaji kuchochewa: ukizigusa tu, zimewaka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwenye kipande cha ardhi kisichozidi upana wa vitanda vitatu, nyuma ya nyumba waliyopanga pamoja na familia nyingine nne, alikuwa na bustani.

Mwanzoni ndoo mbili hazikutosha kitu. Bomba la mtaa lilitoa maji siku mbili tu kwa wiki, na jua lilikausha tuta kabla hujarudisha ndoo ndani. Magugu nayo yalikuwa hayana haya: ukiyang'oa Jumamosi, Jumatano yamerudi na jamaa zao. Mama yake, aliyekuwa akifua shuka za hospitali kutwa nzima, alirudi jioni kiuno kikimuuma, na bado akainama kupalilia. Ndipo mwalimu wa kilimo shuleni alipowafundisha kutandaza maboksi.

"Boksi ni karatasi, na karatasi imetokana na mti," mwalimu aliwaambia. "Bandueni utepe wa gundi na pini zote. Boksi linalong'aa msilitumie. Litandazeni juu ya udongo, limwagieni maji mpaka lilegee, kisha lifunikeni kwa majani makavu. Magugu yatakosa mwanga, unyevu utabaki chini, na boksi lenyewe litaoza liwe mbolea. Lakini sikilizeni vizuri: acheni dhiraa moja, yaani urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kati ya boksi na ukuta au mlango. Mchwa wanapenda sana boksi. Msiwajengee daraja la kuingilia nyumbani."

Kiberiti aliyashika maneno hayo. Alikwenda kwenye duka la friji na majiko, na mwenye duka akampa maboksi mengi kuliko alivyoweza kubeba. Jumamosi mbili alibandua utepe mpaka kucha zikamuuma. Alitoboa matundu, akapanda miche kumi na tisa ya nyanya na sita ya bilinganya.

Pembe ya mwisho ya bustani ilikuwa karibu na mlango wa nyuma wa jirani yao, mshonaji ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Cherehani. Boksi lililobaki lilikuwa la friji, nene kama ubao. Lilihitaji kukatwa. Kisu kilikuwa butu, na wenzake walikuwa nje wakimwita akaruke kamba. Kiberiti alilisukuma hivyo hivyo, ncha yake ikaegemea fremu ya mlango wa jirani, akalifunika kwa majani.

"Nitalikata kesho," alijiambia.

Kesho ikapita, na wiki nane zikaifuata.

Bustani ilistawi. Nyanya zilimfikia kiunoni, na za kwanza zilianza kugeuka rangi. Mama yake hakupalilia tena. Jioni alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu na kuzitazama tu. Kisha, siku moja ya Alhamisi, Kiberiti alirudi kutoka shuleni, akapita uani kama kawaida yake, na mkoba ukamponyoka begani.

Maboksi yote yalikuwa yamechanwa na kurundikwa karibu na pipa la taka. Udongo ulikuwa wazi, mizizi myeupe ikikauka juani. Mashina ya nyanya yalikuwa yamevunjika, matunda mabichi yakitapakaa kama gololi. Alihesabu. Miche kumi na mmoja ilikuwa imekufa.

Mama Cherehani alikuwa amesimama mlangoni kwake, ufagio mkononi, kijasho kikimtoka.

"Nani kafanya hivi?" Kiberiti aliuliza. Hata shikamoo aliisahau.

"Mimi. Na wewe usinikazie macho. Takataka zako zimeniletea mchwa. Njoo uone fremu ya mlango wangu ilivyoliwa!"

"Umeng'oa nyanya zangu!"

"Nilikuwa natoa maboksi. Nyanya zilikuwa njiani."

"Zilikuwa njiani?" Sauti ya Kiberiti ilipanda. "Nyanya zilikuwa kwenye tuta langu! Kwa nini hukutungoja? Kwa nini hukumwambia mama?"

"Mtoto, nenda ndani kabla sijasema neno baya."

Hakwenda ndani. Alipiga magoti kwenye udongo, akaanza kufunika mizizi iliyobaki, huku machozi ya hasira yakimtiririka mpaka kidevuni. Alilia kwa sababu ya nyanya, lakini zaidi alilia kwa sababu ya lile neno. Zilikuwa njiani! Miezi miwili ya kuchota maji, na mtu mzima anaizungumzia kama jiwe alilojikwaa.

Mama yake aliporudi, alitazama uani kwa muda mrefu. Kisha akaenda kubisha hodi kwa jirani.

"Dada, tumeishi ukuta kwa ukuta miaka saba," alisema. "Nikikuudhi, mlango wangu unaujua. Ungebisha tu."

"Na mimi nimeudhika, Mama Kiberiti. Mchwa hawabishi hodi."

"Wewe si mchwa."

Wapangaji wengine walikuwa wamekwisha kutoka milangoni, kila mmoja na lake la kusema, mpaka ikaamuliwa kwamba Jumamosi aitwe fundi seremala aangalie mchwa wametoka wapi. Kama wametoka kwenye maboksi, bustani ifungwe. Kama sivyo, Mama Cherehani amwombe mtoto radhi mbele ya watu.

Fundi alikuja mapema, penseli sikioni na patasi mfukoni. Aligonga fremu kutoka juu hadi chini. Juu ililia kama mbao. Chini ililia kama gamba tupu. Akaichokoa, vumbi likamwagika.

"Mchwa wapo, hilo halina ubishi," alisema. "Lakini njia yao siioni. Hapa chini pamefagiliwa pote, na maboksi yamekwisha kutolewa. Mama, yalikuwa umbali gani na mlango?"

"Fundi, nilikuwa nimepandwa na hasira. Nilivuta tu. Sikupima."

Watu wote wakamgeukia Kiberiti. Alimwona Mama Cherehani akimtazama, na papo hapo akaziona tena zile nyanya mbichi zimetapakaa chini. Mtu huyu aliyeharibu kila kitu ndiye aonekane ana haki?

"Dhiraa moja," Kiberiti alisema. "Kama mwalimu alivyotufundisha."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Fundi alikuna kichwa. "Dhiraa moja ni mbali. Basi hawa wametokea ndani. Una mbao humo chumbani?"

"Rafu ninayopangia vitambaa," alisema Mama Cherehani polepole. "Ya zamani."

"Basi ndiyo hiyo," alisema fundi, bila hata kuingia kuitazama. "Itoe, uivunje, uichome."

Hapo wapangaji wakamvamia kwa maneno. Mmoja alisema, "Unamwonea mtoto wakati mdudu unamfuga mwenyewe!" Mwingine akacheka, "Kumbe mwenye kidonda ndiye aliyekuwa akitafuta nzi kwa jirani!" Mama Cherehani aliinamisha kichwa. Alimsogelea Kiberiti, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea."

Kiberiti aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshinda, na kwa muda ushindi ulikuwa mtamu kama muwa. Lakini alipopita karibu na pipa la taka, aliliona lile boksi la friji kwenye rundo, akageuza uso.

Alasiri ile Mama Cherehani alitoka na trei ya miche ya nyanya aliyoinunua sokoni. Alipandisha gauni lake magotini, akachuchumaa kwenye tuta bila kuambiwa.

"Nionyeshe unavyotoboa shimo," alisema.

Walipanda mche mmoja mmoja. Baadaye kidogo mshonaji akasema, bila kuinua macho, "Siku ile nilikuta mchwa wamepanda mpaka kwenye kitambaa cha mteja. Wametoboa matundu kama chujio. Mteja yule aliniamini. Nilitoka pale nikiwa sioni mbele. Si kisingizio, nakueleza tu."

Kiberiti alibonyeza udongo kwa vidole.

Miche ilipokwisha, Mama Cherehani aliingia chumbani kwake, akatoka akiburuta rafu ya mbao nyeusi, yenye droo ndogo tatu na vishikio vilivyochongwa kwa mkono. Akailaza uani, akachukua shoka. Lakini hakulinyanyua. Alipitisha kiganja juu ya ubao, kama mtu anayempapasa mgonjwa.

"Ni nzuri," Kiberiti alisema.

"Baba yangu aliitengeneza nilipomaliza kujifunza kushona. Alikuwa dereva, si seremala. Angalia droo hii ilivyopinda. Alisema, 'Uzi wako usilale sakafuni.'" Alitabasamu kidogo. "Marehemu hatanilaumu. Mchwa ni mchwa." Akalishika shoka kwa mikono miwili.

"Usivunje!"

Kiberiti alikuwa amekwisha kuruka na kuikalia rafu. Shoka lilisimama hewani.

"Mtoto! Una kichaa? Ningekukata!"

"Si rafu. Ni boksi langu. Boksi la friji. Liligusa mlango wako, nililiegemeza mimi. Nilijua ni kosa. Nilitaka kwenda kuruka kamba. Fundi aliponiuliza nikadanganya."

Mama Cherehani aliliweka shoka chini taratibu. Uso wake ulibadilika mara mbili: kwanza hakuelewa, kisha alielewa.

"Yaani ulisimama pale," alisema, "watu wazima wakanicheka mbele yako, wewe unajua? Nimepiga magoti kwenye udongo wako, wewe unajua? Ukaniacha nibebe shoka nivunje kazi ya mkono wa baba yangu, wewe unajua?"

"Nilikuwa nimekasirika. Uliniharibia nyanya."

"Niliharibu! Nikasema mbele ya watu kwamba nimeharibu! Na wewe ukasema nini?"

Kiberiti alishuka kwenye rafu. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kufutia mikono begani, na ilionekana wazi kwamba amesikia yote. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Alimshika mkono, wakaenda mlango kwa mlango. Kwa kila mpangaji Kiberiti alirudia maneno yale yale: "Nilidanganya. Boksi liligusa mlango. Mama Cherehani alisema kweli kuhusu mchwa." Mlango wa kwanza ulikuwa mgumu. Wa tatu ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu yule aliyecheka asubuhi alikuwa akiishi pale, na sasa naye akaona aibu.

Jumatatu fundi alirudi. Aliikagua rafu ndani na nje, akaikuta nzima. Alikata kipande cha chini cha fremu, akaunga ubao mpya, akaupaka oili chafu ya gari mara tatu ili mchwa wasiuguse. Kiberiti alimshikia taa alipofanya kazi kwenye pembe yenye giza, na shavu lake likapata doa la oili lililokaa siku mbili.

"Siku nyingine nikikuuliza umbali, nitakuja na futi yangu," fundi alimwambia. Hakuwa akitania sana.

Swali la bustani lilibaki. Wapangaji walikuwa wamesema ifungwe kama mchwa wametoka kwenye maboksi, na kweli walitoka huko. Kiberiti alianza kung'oa nguzo za nyanya bila kubishana. Mama Cherehani ndiye aliyemzuia.

"Acha. Kilicholeta mchwa ni boksi moja, si bustani nzima," aliwaambia wapangaji. "Aache dhiraa moja, na nitapima mwenyewe kwa utepe wangu wa kushonea. Na mimi siku nyingine nitabisha hodi."

Walipima pamoja. Kando ya ukuta wakaacha udongo mtupu, na Kiberiti akapewa kazi ya kuukagua kila Jumapili. Mkasi mkubwa wa mshonaji, ule mkongwe usiokata tena kitambaa, ulikata boksi bila shida.

Jioni hiyo Kiberiti alikaa karibu na kigoda cha mama yake. Alikuwa bado na kinyongo kidogo, akakisema.

"Mama, lakini yeye ndiye aliyeanza. Alikosea kuving'oa vitu vyangu."

"Alikosea," mama yake alisema. "Nilikuwa na hasira naye mimi pia, na nilimwambia. Alichokosea hakifutiki kwa sababu na wewe ulikosea. Ulikuwa na haki ya kulia, ya kudai, ya kusimama mbele ya watu na kusema umeonewa. Haki yote hiyo ulikuwa nayo mkononi. Halafu ukaichanganya na uongo."

"Niliogopa kwamba nikisema kweli, hakuna atakayejali nyanya zangu."

"Najua. Lakini sikiliza, mwanangu: mtu akikukosea, hakupi ruhusa ya kudanganya. Sema lako lote na kosa lako pia, hata kama ni chungu. Anayekiri kosa lake dogo, watu humsikiliza anapolalamikia kubwa alilotendewa. Anayelificha, siku likifichuka, hata yale ya kweli hayaaminiki tena. Na kazi ya mkono ni hivyo hivyo. Ukiona pembe moja inakushinda, usiifunike kwa majani. Ikate, au omba mkasi."

Kiberiti alinyanyuka, akachukua ndoo mbili, akaenda kumwagilia ile miche mipya kabla jua halijazama.